Mstari wa Kumi na Saba

Mama Tiki hakuzaliwa na jina hilo, na siku za mwanzo alilichukia. Alibandikwa na watu wa mtaani kwake baada ya kumwona mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, akikatiza kuelekea zahanati na faili la bluu kwapani, kalamu imefungwa kwa uzi na kuning'inia shingoni, uso ameukunja kama mtu anayekwenda kumshitaki jirani. "Huyo, anakwenda kupiga tiki," walisema, na jina likamganda. Mwishowe akalizoea. Kusema kweli alilipenda, ingawa hilo hakumwambia mtu.

Kazi yake hasa ni ushonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na lundo la vitambaa ambalo kila mwenye nguo yake humo huambiwa "njoo kesho." Ni mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mnene kiasi, mwenye macho makali ya mtu aliyezoea kutafuta uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe. Ukimwambia kiuno chako ni inchi thelathini na mbili atakutazama tu, kisha atachukua futi yake na kupima. Wateja wengi wameumbuka mbele ya futi hiyo.

Kazi ya pili, ile ya faili, aliipata kwa kuchelewa. Mtaa uliitwa mkutanoni kuchagua mtu wa kuwafuatilia wahudumu wa zahanati kwa niaba ya wananchi. Yeye alikuwa anamalizia gauni la harusi, akafika watu wameshajaa, viti vya nyuma vyote vimekaliwa na wajanja wanaojua maana ya viti vya nyuma. Akaketi mbele. Mwenyekiti akauliza nani anajua kusoma na kuandika vizuri na hana kazi nyingi, na wale wajanja wote wakamnyooshea kidole fundi, ambaye alikuwa na kazi nyingi kuliko wote waliokuwa mle ndani. Wakapiga makofi. Ukishapigiwa makofi utakataa vipi? Ndivyo tunavyopata viongozi wetu wengi, na baadaye tunashangaa.

Lakini yeye aliichukua kazi ile kwa moyo wote. Alikwenda mafunzo ya siku mbili, akarudi na fomu yenye mistari ishirini. Maji yapo au hayapo. Choo cha wagonjwa kiko wazi au kimefungwa. Mizani ya watoto inafanya kazi au haifanyi. Wagonjwa wanapokelewa kwa lugha nzuri au mbaya. Kisha dawa za lazima, moja moja, zipo au hazipo. Mkufunzi aliwaambia jambo moja ambalo Mama Tiki alilishika kama amri: usimuulize mhudumu, angalia kwa macho yako. Hilo alilielewa bila shida. Ni lile lile la futi na kiuno.

Basi akawa moto. Alifungua bomba kuona kama maji yanatoka. Alipanda kwenye mizani ya watoto mpaka nesi akamwomba kwa heshima ashuke. Choo kilichokuwa kimefungwa miaka mitatu kwa kufuli kikafunguliwa wiki moja tu baada ya yeye kuandika "kimefungwa" kwa herufi kubwa. Watu wakamheshimu. Nesi mkuu wa zahanati, mwanamke mkimya wa rika lake, mwanzoni alimwona kama mwiba, baadaye wakazoeana wakawa wanaitana dada.

Mstari wa kumi na saba ulisema: dawa za kifafa. Dawa hizo zilikaa ndani ya kabati la kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni kwa nesi, na nesi daima alikuwa na mgonjwa. Mstari huo ndio pekee ambao Mama Tiki hakuhitaji kuusumbukia. Binti yake wa mwisho, mwenye miaka ishirini na tatu sasa, ana kifafa. Kila mwanzo wa mwezi binti huyo alirudi kutoka zahanati na vidonge thelathini ndani ya bahasha ndogo ya kaki, kimoja kwa siku, na mama yake alivihesabu juu ya meza ya kukatia. Kama huko si kuona kwa macho, basi kuona ni nini? Kwa hiyo mstari wa kumi na saba aliujaza nyumbani kabla hajatoka, faili juu ya cherehani. Zipo. Tiki. Alifanya hivyo karibu miaka miwili.

Kitu kingine alikiona na hakukitilia maanani. Wagonjwa wa kifafa walikuwa na siku yao, Jumatatu, lakini binti yake aliambiwa aje Jumamosi, apite mlango wa nyuma. Mama Tiki alidhani ni heshima. Si ndiye aliyeshona mapazia ya zahanati nzima? Mtu akipewa heshima haanzi kuikagua.

Huyu binti, lazima niseme habari zake kidogo. Alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na miwili, darasani, mbele ya wenzake. Ana kovu kidevuni na jingine juu ya nyusi. Aliacha shule, akarudi, akaacha tena. Kuna miaka alikuwa hatoki nje ya ua bila mtu wa kumshika mkono, msichana mzima, na mama yake akilala akiwa ametega sikio kama mlinzi. Tangu vidonge vianze kuja bila kukatika, alikuwa hajaanguka miezi kumi na minne. Akanenepa. Akaanza kujibizana na baba yake, jambo ambalo wazazi wote wawili walilifurahia kimoyomoyo. Na wiki tatu kabla ya haya ninayosimulia, shule ya chekechea iliyo jirani ilimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwalimu mkuu alimwambia wazi: "Mimi sina ubaguzi. Lakini ukianguka mbele ya watoto, wazazi watawaondoa. Itabidi tuachane." Binti akakubali. Kila asubuhi alitoka amevaa sketi ya bluu aliyoshonewa na mama yake, na mama alisimama mlangoni akimtazama mpaka anapinda kona, mdomo umejaa pini.

Sasa, siku moja akaja mke wa fundi viatu. Fundi viatu ni yule anayekaa nje ya lango la zahanati na kibao chake na gundi yake. Mkewe alileta kitenge, akataka gauni la kawaida tu.

"Ila mkono huu wa kulia uwe mpana, mama," akasema. "Mpana sana."

"Mikono miwili haiwezi kutofautiana, mwanangu. Watu watasema nimekushonea nikiwa nasinzia."

"Waseme tu."

Mama Tiki akachukua futi. Alipoinua ule mkono aliona bandeji kutoka kiwiko mpaka kiganjani, na juu ya kiwiko ngozi imekunjamana, nyekundu, bado mbichi. Akaacha kupima.

"Nini hiki?"

"Nilianguka nikiwa napika. Nikaangukia jiko." Alisema kama mtu anayesema alisahau mwavuli. "Nina kifafa, kama dada yule." Akaelekeza kidevu kwenye picha ya binti ukutani.

"Na dawa hunywi?"

"Dawa zitoke wapi? Tangu mwaka jana tukienda Jumatatu tunaambiwa hazipo. Siku hizi siendi hata kuuliza."

"Haiwezekani. Zipo."

"Zipo wapi, mama?"

Mama Tiki alifungua kinywa kusema zipo kwenye fomu, na kwa bahati nzuri akakifunga. Alimaliza kupima akiwa hasikii anachoambiwa. Aliandika vipimo vibaya, ikabidi kesho yake amwite tena yule mwanamke na kujifanya futi ndiyo yenye makosa.

Hakulaza damu. Jioni ile ile alikwenda zahanati. Wagonjwa walikuwa wamekwisha, nesi yuko peke yake anafunga madirisha.

"Dada, dawa za kifafa zipo?"

Nesi hakugeuka. "Unauliza kama mama wa binti au kama mtu wa fomu?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Kaa kwanza."

Akaketi. Nesi akatoa ufunguo, akafungua kabati, akaweka mezani kopo dogo la plastiki.

"Hili linakuja kila mwezi. Vidonge sitini. Zamani lilikuja kubwa, linatosha wagonjwa wote sita. Mwaka jana wakapunguza. Sasa nikigawa kwa sita, kila mtu anapata vya siku kumi, na baada ya hapo wote wanaanguka. Nikiwapa wawili, wawili wanasimama. Nikachagua wawili."

"Na mmoja ni wangu."

"Mmoja ni wako. Wa pili ni yule wa kiwanda cha mbao, anayesimamia msumeno. Yule akianguka kazini hatuna tena habari yake."

"Na wangu kwa nini? Yeye wakati ule hakuwa na kazi. Alikuwa anakaa ndani tu."

Nesi alilivuta kopo. Akazungushazungusha kifuniko chake.

"Kwa sababu wewe ndiye mwenye kalamu," akasema. "Aliyenitangulia hapa aliandikwa 'hazipo' na wakaguzi mara tatu, akahamishwa, hakuna aliyeuliza kosa ni la nani. Niliogopa, dada. Sitakudanganya."

Mama Tiki alihisi uso unamchoma. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira yake yote, akaikosa. Akashika jambo jingine.

"Kwa hiyo ukakaa kimya mwaka mzima?"

"Nani kakaa kimya?" Kwa mara ya kwanza nesi alipandisha sauti. Akavuta droo, akamtupia barua mbele yake. "Nimeandika wilayani mara tatu kuomba kopo kubwa. Soma walivyonijibu."

Barua ilikuwa fupi, na lugha yake nzuri. Ilisema kwamba kwa mujibu wa taarifa za ufuatiliaji wa wananchi wenyewe, zahanati haijawahi kupungukiwa dawa za kifafa, na kwa hiyo nyongeza zitapelekwa kwenye vituo vyenye uhitaji. Chini yake walikuwa wameambatisha nakala ya fomu. Mama Tiki aliutambua mwandiko wake. Aliitambua ile tiki, imepigwa kwa nguvu, mkia wake umevuka mstari, tiki ya mtu mwenye uhakika.

"Basi nitaandika hazipo," akasema.

"Andika. Ndiyo kweli. Ila ujue, ukiandika hivyo mimi siwezi tena kumpitisha mtu mlango wa nyuma. Sitini zitagawanywa kwa sita."

"Na kopo kubwa litakuja lini?"

"Mgao umeshapangwa mpaka mwisho wa robo. Wakikubali leo, miezi mitatu. Labda minne. Mimi nawajua."

Miezi mitatu. Mama Tiki alijumlisha akiwa njiani kurudi nyumbani, na hakuhitaji kalamu. Siku kumi za dawa, siku ishirini bila. Mara tatu, labda nne. Na majaribio ya chekechea ndiyo kwanza yana wiki tatu.

Nyumbani alimwambia mumewe. Mumewe ni mpaka rangi, mtu wa mizaha, hurudi kila siku na rangi masikioni na hadithi za matajiri wanaobishania rangi ya dari. Siku hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Mama watoto," akasema, "huyu mtoto amesimama miezi kumi na minne. Unataka kumwangusha kwa kalamu?"

"Na mke wa fundi viatu? Umeuona mkono wake?"

"Ana mume. Mumewe ampiganie. Mimi napigania wa kwangu."

"Na hao wengine watatu?"

"Mimi sikupewa faili. Uliyepewa ni wewe." Kisha akalegeza sauti, na hapo ndipo alipomuumiza zaidi. "Jitie hamnazo mwezi huu tu, mke wangu. Mpaka pale chekechea wamzoee. Hujui. Hukuambiwa. Yule mama hakuja."

Hakuweza kumkasirikia. Maneno yale alikuwa ameshajiambia mwenyewe njiani, neno kwa neno, mpaka hilo la mwezi huu tu. Na alijua, kama anavyojua pindo litakalofumuka, kwamba baada ya mwezi huu utakuja mwingine wenye sababu yake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Akishona, anafumua. Akikaa, anainuka. Faili lilikuwa pale juu ya rafu na alilipa mgongo, lakini mgongo nao una macho. Alifikiria kujiuzulu, kisha akaona kwamba akijiuzulu atakayekuja ataikuta mistari yote miaka miwili nyuma imepigwa tiki na ataendelea vilevile. Alifikiria kununua vidonge mwenyewe mjini, akauliza, akaambiwa dawa ile haiuzwi madukani, inatolewa na serikali tu. Alifikiria kusema ukweli kwa wote na kumfichia binti yake vidonge thelathini vya akiba, kisha akakumbuka kwamba hakuna akiba, kuna kopo moja. Kila mlango alioufungua ulikuwa na ukuta nyuma yake. Alikuwa amekalia kuti kavu na chini hakuoni.

Binti aligundua peke yake. Alirudi kutoka chekechea, vidole vimejaa chaki, akafungua faili kutafuta karatasi ya kuchorea watoto. Akaona fomu ya mwezi imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja.

"Mama, huu umeusahau."

Mama Tiki hakujua kudanganya kwa haraka. Alimweleza yote, akiwa amekaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga bila kitambaa chini ya sindano. Binti alisikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, mama akainua macho, na machoni mwake mlikuwa na swali, ijapokuwa kinywa hakikuuliza.

"Usiniulize," binti akasema.

"Sijakuuliza kitu, mwanangu."

"Unaniuliza. Unataka niseme 'andika ukweli, mama, mimi nitavumilia,' ili usiku upate usingizi. Sisemi. Ukiniuliza mimi nitasema andika zipo. Nina watoto ishirini na wawili pale. Wananiita mwalimu." Sauti ilianza kukatika, akaikaza. "Usinifanye niwe mwema kwa lazima. Kalamu ni yako."

Akaingia chumbani. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na Mama Tiki akatamani angeubamiza.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanafika kifuani. Kila baada ya miezi sita wananchi, wahudumu na afisa wa wilaya huketi pamoja, fomu inasomwa mstari kwa mstari, na mfuatiliaji anathibitisha kwa mdomo mbele ya wote. Safari hii afisa alikuja na mkoba mkubwa, na ndani yake, watu wote walishajua, mlikuwa na cheti cha zahanati bora. Nesi alikaa pembeni, mikono mapajani. Mume wa Mama Tiki alikuwepo, safari hii na yeye amekaa viti vya nyuma. Binti hakuja.

Afisa alisoma kwa furaha. Maji? Yapo. Choo? Kiko wazi. Watu wakacheka, wakakumbuka kufuli. Mizani? Inafanya kazi. Lugha ya wahudumu? Nzuri. Afisa akapamba, akasema angetamani kila mtaa uwe na mama kama huyu, na watu wakageuka kumtazama. Mama Tiki akaona anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na hata hivyo, Mungu amsamehe, yalimpendeza. Mtu ni mtu.

"Kumi na saba. Dawa za kifafa?"

Alikuwa amejiambia kwamba akifika hapo ataujua ukweli wa moyo wake. Alifika, na moyo haukusema chochote. Alimwona tu mke wa fundi viatu, dawati la tatu, ule mkono ameuweka juu ya meza kwa sababu ukining'inia unauma. Alimwona mumewe akimtikisia kichwa, taratibu, kama anavyomtikisia mtoto anayekaribia moto.

"Mama?" afisa akasema. "Zipo?"

"Hazipo."

Afisa akatabasamu, akadhani amekosea. "Hapa mwezi uliopita umeandika zipo. Na wa kabla yake."

"Niliandika zipo kwa sababu za mwanangu zilikuwepo. Nilihesabu vya mwanangu nikasema nimeona. Kabati sikulifungua hata siku moja. Wagonjwa ni sita, dawa ni za watu wawili, na mmoja wa hao wawili ni mwanangu." Alijikaza. "Nesi aliwaandikia barua tatu. Mkamjibu kwa tiki yangu."

Kama mtu alitegemea makofi, hayakuja. Kwanza dawati moja lililia, halafu wote wakasema kwa pamoja. Mzee mmoja ambaye mjukuu wake alikuwa kati ya wale sita alisimama na kumwita mwizi. Mwingine akasema nesi ndiye wa kufukuzwa, mwingine akamjibu kwamba nesi akiondoka nani atazalisha wake zao, yeye? Fundi viatu alisimama. Akamwinua mkewe kwa mkono mzima, wakatoka. Afisa aligonga meza mpaka wakanyamaza, akaandika "hazipo," akafunga mkoba na cheti chake ndani. Ya nyuma hayawezi kufutwa, akaeleza, yameshaingia kwenye mfumo. Mgao utaangaliwa upya robo ijayo.

Mumewe alitembea mbele yake njia nzima, hatua kumi mbele, na hakugeuka.

Jumatatu ya mwanzo wa mwezi, kopo dogo lilifika kama kawaida. Wagonjwa wa kifafa waliitwa wote sita, na safari hii wote walikuja. Mama Tiki alikwenda kwa sababu fomu mpya ilimtaka aone kwa macho dawa zinavyotolewa. Aliwakuta wamepanga foleni nje ya chumba cha dawa: mke wa fundi viatu na gauni lake jipya, kijana wa kiwanda cha mbao akitafuna kucha, mjukuu na yule mzee aliyemwita mwizi, kisha wa nne binti yake na sketi ya bluu, ameomba ruhusa ya saa moja, na nyuma yake wawili asiowajua. Binti alimsalimia, "Shikamoo, mama," kama anavyomsalimia jirani.

Nesi alifungua kopo, akamimina vidonge kwenye sinia la chuma. Kisha akalisukuma sinia upande wa pili wa meza, mpaka kwa Mama Tiki.

"Gawa wewe," akasema.

"Mimi si mhudumu."

"Mimi nitaandika majina na kuwaeleza. Kuhesabu hakuhitaji cheti. Mwaka mzima nimechagua peke yangu, dada. Nimechoka."

Mlangoni walikuwa wanasikiliza. Hakuna aliyepinga. Yule mzee alisema tu, "Agawe. Tumwone."

Mama Tiki akavuta kiti. Alihesabu kumi, akatia kwenye bahasha, akampa mke wa fundi viatu. Kumi nyingine kwa kijana wa mbao, ambaye alizitazama, akauliza, "Ndizo hizi tu?" na akaambiwa ndizo hizo tu. Kumi kwa mjukuu, mzee akiinama juu ya sinia akihesabu pamoja naye kwa midomo.

Binti akasogea. Nesi akaandika jina bila kumuuliza. Mama Tiki akaanza kuvuta vidonge kwa kidole, viwili viwili, kama alivyozoea kuvihesabu nyumbani. Viwili. Vinne. Sita. Vinane. Kumi. Kidole hakikusimama. Kilikuwa kimezoea thelathini, na kilikuwa kimeshavuta viwili vingine kabla hajakizuia. Alivitazama vile viwili. Siku mbili. Nyuma ya binti walibaki watu wawili tu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anachungulia.

Akavirudisha kwenye sinia. Akafunga bahasha, akainyoosha mbele.

Binti aliipokea, akaipima kiganjani. Hakuufunga mkono. Alisubiri kidogo, kiganja wazi, labda sekunde tatu, akimtazama mama yake usoni, na mama yake hakuweza kuyakwepa macho yale na hakuweza kuongeza kitu.

"Anayefuata," akasema Mama Tiki.